Nyumba ya Bibi Kwenye Bango

Walikuwepo mwenyekiti wa kijiji, mtendaji wa kata, mtaalamu wa mradi kutoka Korogwe, dereva wake aliyelala ndani ya gari, wanakijiji waliojaza mabenchi yote, Bibi jirani yetu, na mimi niliyechora bango. Nawataja wote kwa sababu, ukimtoa dereva, wote walinisikia nikisema uongo.

Kabla ya hapo nilikuwa nachora kwenye kuta za maduka Kabuku: kuku wa kukaanga, vichwa vya saluni, soda zenye matone ya baridi kwenye duka lisilo na friji. Shule niliishia darasa la sita, mama alipomfuata baba kaburini, nikabaki na wadogo watatu. Mtaalamu alisimamisha gari anunue machungwa, akamwona kuku wangu, akasema nina kipaji cha mawasiliano kwa njia ya picha. Mimi nilidhani nina kipaji cha kuku.

Alitaka bango la usafi lenye picha mbili: kaya bora na kaya isiyo bora. Kaya bora niliitoa kichwani: sakafu ya saruji, choo chenye mlango, baba anafagia uwanja huku akitabasamu. Hakuna mtu kijijini kwetu Mazingara aliyewahi kumwona baba huyo. Kwa kaya isiyo bora nilihitaji kitu ninachokijua, na mkono ukaenda wenyewe nyumbani kwa Bibi: ufa unaoanzia dirishani, mpapai ulioinama, choo cha magunia, jogoo juu ya kinu. Baada ya msiba tulikula kwenye nyumba ile miaka mingi. Ningeweza kuichora nimefumba macho.

Siku ya kulijaribu, mtaalamu alilitundika bango kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji, akauliza polepole, kama anayeongea na wagonjwa, "Mnaona nini hapa?"

Alitarajia waseme uchafu.

"Nyumba ya Bibi," wakajibu kwa pamoja.

"Hapana. Tazameni vizuri. Hii ni nyumba yoyote."

"Nyumba yoyote ina ufa wa Bibi?" akauliza mama mmoja.

"Hata jogoo namfahamu," akadakia mwenzake. "Ndiye anayemaliza mahindi yangu."

Watu wakacheka. Mtaalamu akaandika kwenye daftari, akijisomea kwa sauti: jamii haijui kusoma picha. Kisha akanigeukia. "Fundi, hebu waambie. Umechora nyumba ya mtu?"

Bibi alikuwa benchi la mbele, pindo la khanga mdomoni, ananitazama. Nyumbani mdogo wangu wa mwisho alikuwa anasubiri sare ya kidato cha kwanza.

"Hapana," nikasema. "Nimeitunga."

Jioni nilikwenda kwake. Nilimwamkia shikamoo, marahaba yake ilichelewa.

"Ufa umeuweka sawasawa," alisema. "Na mpapai. Ila sufuria siioni."

"Sufuria gani, Bibi?"

"Mliyokuwa mnagombania ukoko, wewe na wadogo zako. Au ilikuwa kwenye nyumba uliyoitunga?"

Nikapiga magoti. Nikaahidi kuchora bango jipya.

"Bango la nini? Msamaha nimekupa, mjukuu wangu. Lakini umenikana mbele ya watu. Utanitambua mbele ya watu, pale pale ukutani."

Kwa uongo ule nikapata kazi. Mradi ulihitaji mtu wa kuwafundisha wasiojua kusoma picha, ukamchukua aliyewadanganya kuhusu picha. Semina ya kwanza ilikuwa Korogwe, ukumbi wenye feni, maandazi mawili kwa kila mshiriki. Siku tatu tulijifunza kwamba mshale kati ya picha mbili maana yake ni "kisha". Sasa naitwa mkufunzi. Nazunguka hadi Mazinde na bango lile lile. Kina mama wa huko walimtazama kwa huruma yule baba anayefagia, wakaniuliza mkewe alifariki lini.

Mdogo wangu amemaliza shule. Bibi nimemjengea choo chenye mlango. Alikikagua, akasema bawaba zinapiga kelele. Ukutani sijasimama. Kila nikifika Mazingara kuna mgeni wa mradi, au mtendaji mpya, au mwenyekiti ana haraka. Sababu nazichora vizuri kuliko kuku.

Wiki iliyopita Bibi alinitumia salamu kwa dereva wa bodaboda: jogoo ameuzwa, mpapai umeanguka, ufa bado upo. Niwahi, kabla watu hawajaacha kuitambua nyumba.