Shokapu za Upepo za Verlin Stohlmann

Katika miaka yake sitini na sita, Verlin Stohlmann hakuwahi kusoma karatasi ya maelekezo hata moja. Huku kwetu Nebraska hilo si kosa, ni sifa: mwanamume husoma Biblia na bei ya mahindi, mengine anayajua. Kwa hiyo shokapu mbili za upepo alizonunua ili pikapu yake isikae kitako ikivuta trela, alizifunga mwenyewe Jumamosi moja, akiwa chali kwenye sakafu ya banda. Jirani yake Dwayne Pospisil aliokota karatasi.

"Wanasema mrija wa upepo upite mbali na bomba la moshi."

"Dwayne, hata kitandani unapanda kwa maelekezo?"

Nilikuwepo. Nilicheka sana.

Jumanne Verlin akamchukua Darlene Kucera, mjane mwenye nyonga mbovu, pamoja na fahali wake mweusi. Mnada wa mafahali wa mbegu ni mara moja kwa mwaka, na fahali huyo angeitwa saa sita kamili. Asiyekuwepo anarudi kwao kula nyasi hadi mwakani, na nyasi za Darlene zilikuwa zimekwisha. Verlin alikuwa amemwahidi kumfikisha kwa wakati.

Maili kumi na moja baadaye, joto la bomba likatoboa mrija. Upepo ukatoka taratibu, kwa sauti iliyomfanya Verlin amtazame Darlene, na Darlene amtazame Verlin. Nyuma ya gari ikaketi, pua ikaelekea mbinguni, mkono wa trela ukakaribia kulamba lami. Verlin akaegesha, akashuka, akafungua boneti.

Injini ilikuwa nzima kabisa. Lakini injini ikifa ni kazi ya Mungu; shokapu zilikuwa kazi ya Verlin.

Kwetu hakuna anayelipita gari lililofunguliwa boneti. Gaylen Brandt alisimama, kisha mimi. Tukainama.

"Pampu ya mafuta hiyo," alisema Gaylen.

"Yawezekana," alisema Verlin, masikio mekundu.

"Na huko nyuma mbona kumelala?" niliuliza.

"Fahali mzito."

Gaylen akaondoka kwa haraka. Saa tano na nusu akafika Dwayne. Aliangalia nyuma, akaangalia mbele, akaelewa, kisha akainama nasi juu ya injini kama mtu anayeaga maiti.

"Labda betri," alisema kwa upole.

Upole ule ulimmaliza Verlin. Darlene akashusha kioo.

"Jamani, injini hiyo mtaitazama hadi Krismasi. Fahali wangu anaitwa saa sita!"

Verlin akafunga boneti.

"Ni mrija," aliiambia lami. "Niliupitisha kwenye bomba. Dwayne, ulinionya, nikakucheka. Vuta wewe trela."

Dwayne akarudisha gari lake kinyumenyume hadi kwenye trela. Tukahamisha trela, na fahali akaingia uwanjani dakika nne kabla ya kuitwa. Aliuzwa vizuri.

Verlin akafika nyuma yetu, pikapu tupu ikijikongoja. Mlangoni pa mnada watu, walioambiwa na Gaylen kwa simu, walimpa pole ya injini. Watu watatu walimwahidi pampu ya mafuta. Gaylen hakuwepo, alikuwa ameendesha maili thelathini kwenda kumtafutia moja.

Verlin hakuingia kula nasi. Alisimama penye maegesho, kofia mkononi, akimngoja Gaylen arudi, ili amwambie ni mrija.