Ndoo ya Nyundo

Siku ya kwanza Kimya kumwona yule mwanamke, mtunza stoo mpya, alikuwa amesimama mlangoni mwa stoo ya karakana, ameshika ndoo yenye nyundo tisa majini kama aliyeshika panya mkiani.

"Nani kaziogesha hizi?"

Mafundi wakacheka. Ilikuwa desturi yao ya miaka mingi: nyundo ikilegea mpini, jioni unaitumbukiza ndooni. Mti unavimba, asubuhi kichwa kimekaza kama kimezaliwa pale. Kimya, fundi wa milango, alikuwa akifanya hivyo mwaka wa kumi na moja sasa. Walimwita Kimya kwa sababu hata salamu aliijibu kwa kichwa.

"Ndivyo tunavyokaza hapa, Mama Stoo," alisema msimamizi.

"Imekaza asubuhi. Saa sita mti umekauka, kichwa kinaruka. Na kikiruka hakipigi hodi."

Akaimwaga ndoo uani. Kesho yake akaikuta imejaa, akaimwaga tena. Wao wakijaza, yeye akimwaga. Wakamtania kwamba ameajiriwa kumwagilia ua.

"Hata majani yana shukrani kuliko nyinyi," akawajibu.

Mchana mmoja Kimya alikwenda kuomba patasi, akamkuta anachonga kabari, kile kipande chembamba cha mti mgumu kinachogongewa juu ya mpini ili kichwa kisichomoke. Hakuinua uso.

"Nyundo iliyomtoa mume wangu jicho, kaka, niliilowesha mimi. Kwa mikono hii. Mpaka leo nikimwekea kikombe upande wa kushoto, anapapasa."

Kimya akainamisha kichwa. Akachukua patasi akaondoka.

Kisha ikaja kazi ya milango sitini ya shule, wiki mbili tu. Mama Stoo akazifungia nyundo zote tisa: hazitoki mpaka zitiwe mipini mipya. Msimamizi akaja juu, mafundi nyuma yake.

"Mama, toa nyundo, au utoke wewe."

"Nitatoka. Ila nazitoa kwanza."

Akazipanga mezani, akachukua msumeno, akaanza kukata mipini. Mmoja, wa pili, wa tatu. Hakuna aliyemzuia, nani amshike mkono mtu mwenye msumeno? Alipomaliza, vichwa tisa vilikuwa vimelala na vibutu visivyoshikika hata kwa vidole viwili.

"Haya. Ziogesheni sasa."

Msimamizi akamfukuza palepale, kisha akageuka. "Kimya! Stoo ya nyuma kuna nyundo tatu kuukuu. Jaza ndoo."

Kimya akaiokota ndoo. Akaipindua, akaikalia.

"Siloweshi." Sauti ilitoka nyembamba, lakini ilitoka. "Tutie mipini na kabari, la sivyo milango hiyo kaigongee kwa kiatu chako."

Fundi mmoja akavuta ubao mgumu, akaanza kupima mpini. Mwingine akamfuata. Hakuna aliyemtazama bosi.

Mama Stoo, mkoba begani, alikuwa amefika mlangoni. Akasimama, akamwangalia yule mtu aliyekalia ndoo, akacheka mpaka akajifuta macho.

"Kumbe mdomo unao, kaka! Basi inuka hapo, kabari ziko kwenye mkebe. Nimewachongea tisa."