Kumwogesha Mwosha Maiti

Mamangu alikuwa mwosha maiti. Akifa mwanamke Mishomoroni, hata Magogoni, mlango wa kwanza kubishwa ulikuwa wetu. Kazi hiyo alitufundisha mimi na mdogo wangu tulipokwisha kuolewa, na alitufundisha kwa ukali. Ukikosea, alikupiga kofi la mkono mbele ya wafiwa. Kwa hiyo nikisema tulijua kuosha mtu, sijisifu. Au najisifu kidogo, ni haki yangu.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini akili zikaanza kumtoka. Alitafuta buibui huku amelivaa. Alijiona kwenye kioo cha kabati akamkaribisha mgeni. Hayo tuliyamudu, tukicheka naye. Lililotushinda ni kuoga. Mama, mtu wa twahara, aliyeoga asubuhi na jioni hata maji ya mkokoteni yalipoadimika, sasa akiiona ndoo tu hugeuka simba. Alimng'ata mdogo wangu bega. Mimi alinipiga kata ya maji jicho likavimba, na mtaa mzima ukamsingizia mume wangu, maskini, ambaye hata kuku hajawahi kumfukuza.

Jirani walisema ana pepo. Mwalimu wa madrasa akamwandikia kombe, aya za zafarani zinazooshwa kwa maji, mama akalinywa kwa adabu zote, kesho yake akapiga tena. Vidonge vya zahanati vilimlegeza miguu akaanguka mlangoni, nikavitupa chooni. Ndipo kakangu, fundi wa mitambo bandarini aliyekuwa akikaa Changamwe, akaja kutoa hukumu.

"Ijumaa naleta komeo," alisema. "Atafungiwa chumbani, na wakati wa kuoga mumfunge mikono. La sivyo mtauana humu."

"Mama hafungwi kama mbuzi," nikamjibu.

"Basi muogesheni tuone."

Mimi nikiambiwa "tuone" silali. Lakini Alhamisi ilifika na sikuwa na jipya. Tukamlaza mama kama kawaida kwenye kitanda cha kamba uani, maana miguu ilikuwa haina nguvu. Tukamfunika leso kuanzia kitovu hadi magoti. Tukaanzia upande wa kulia, maji polepole, kimya kimya, heshima tupu. Alirusha mikono, tukamkwepa. Mara akatulia, akanishika kifundo cha mkono, akaniuliza kwa ile sauti yake ya kufundishia:

"Maiti gani huyu, mwamuosha na macho hamjamfumba?"

Mdogo wangu aliangusha kata. Mimi nilikaa kitako kwenye matope. Miezi yote ile tulikuwa tukimuosha mama yetu kama maiti, hatua kwa hatua, vile vile alivyotufundisha, naye alikuwa akiupigania uhai wake. Nani asingeng'ata? Mabinti wa mtu mwingine wangemwogesha ovyo ovyo, na wangekuwa salama. Sisi tuliponzwa na kufundishwa vizuri. Niliona uchungu mpaka machozi yakanitoka, kisha nikacheka, maana nilijua kwamba nimeshalishinda jambo lile.

Kitanda nilikisukumia nje siku ile ile. Asubuhi ya Ijumaa nilimketisha mama kwenye kiti chenye mgongo, nikamtia kata mkononi ajimiminie mwenyewe, nikakoroga singo, ule unga wa manukato wanaosuguliwa maharusi.

"Leo siku yako, biarusi," nikamwambia. Mdogo wangu akapiga vigelegele. Tukaimba, tukasema upuuzi, tukamuanzia popote isipokuwa kulia. Mama alijimwagia maji, akafumba macho kwa raha.

"Musinisugue sana," akasema. "Ngozi yenyewe ndiyo aitakayo bwana harusi."

Wallahi, tulicheka hata tukashindwa kushika ndoo.

Kaka alifika kabla ya swala, anatoka zamu, grisi imemjaa shingoni, komeo mkononi. Alimkuta mama amekaa uani na leso mpya, ananukia, bakuli la singo mapajani. Akasimama pale pale. Mama alimtazama sana, juu mpaka chini, wala hakumjua.

"Ijumaa hii, nawe mchafu namna hiyo?" akamuuliza. "Huna mama?"

Kaka alinitazama mimi, kisha akatazama chini.

"Ninaye," alisema.

"Basi hana haya. Inama."

Kaka akaweka komeo chini, akainama, na mama akaanza kumsugua shingo.