Siku Mfuko Ulipokauka

Kwenye kona ile ya barabara, mbele ya ghala la saruji, kila mtu alimwita Kiraka, na mwenyewe aliitika. Alikuwa fundi pancha. Umletee tairi lililolala, atalifungua, atazamisha tyubu kwenye karai la maji, atangoja mapovu yamwonyeshe tundu, kisha atakwangua kwa msasa, atapaka gundi, atabandika, atagonga. Ukirudi na pancha, ujue hiyo umeipata kwingine. Mtu wa kazi kama hiyo ungedhani angekuwa wa mwisho duniani kuvuja. Lakini mganga hajigangi.

Mwaka uliotangulia, madaktari walikuwa wamemkata kipande cha utumbo chenye uvimbe mbaya, na ncha ya utumbo uliobaki wakaitoa nje upande wa kushoto wa tumbo. Hiyo ndiyo stoma: kidude chekundu, chenye unyevunyevu, kisichouma. Choo kilitokea hapo na kuingia kwenye mfuko uliogandishwa kwenye ngozi kwa kibandiko. Alifundishwa kuubadili, akauzoea, akarudi kazini. Hakuna aliyemcheka, kwa kuwa hakuna aliyejua ila mkewe.

Shida ilianza siku alipoinua tairi la lori peke yake, jambo ambalo nesi wa kliniki ya stoma alikuwa amemkataza huku akimnyooshea kidole. Alisikia kitu kimeachia ndani, polepole, bila maumivu. Baadaye akaona kando ya stoma pamevimba. Akisimama, uvimbe unajitokeza kama ngumi; akilala chali, unarudi ndani na tumbo linakuwa bapa. Hakuhitaji kuambiwa na mtu. Ilikuwa ngiri. Kaka yake mkubwa naye alikuwa na ngiri, akaingia chumba cha upasuaji huku anawatania manesi, akatolewa amefunikwa mpaka usoni.

Kiraka akaapa kimoyomoyo kwamba kisu hakitamgusa tena. Akaacha kwenda kliniki, na mkewe alipouliza, akasema wamempa tarehe ya mbali. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Yeye methali hiyo aliijua vizuri sana, tena alikuwa hodari wa kuwatolea wenzake.

Kisha mfuko ukaanza kuvuja. Na hapa ndipo ufundi wake ulipomponza. Fundi pancha hubandika kiraka tyubu ikiwa haina upepo, imelazwa bapa juu ya ubao. Basi na yeye alijilaza kitandani mpaka uvimbe ukaingia ndani, akabandika mfuko wake vizuri, nadhifu kabisa. Akiinuka tu, ngiri nayo inainuka, na kingo za kibandiko zinaachia moja baada ya nyingine. Kabla jua halijawa kali, alikuwa anahisi uvuguvugu ukitambaa kuelekea kwenye mkanda wa suruali. Akailaumu gundi. Akachukua taulo gumu akajisugua ngozi mpaka ikaiva, maana gundi haishiki pasipokwanguliwa. Ngozi ya mtu si mpira jamani! Ikachubuka, ikatoa majimaji, na kibandiko kikawa kinateleza. Tusimcheke sana. Mtu akishikwa na hofu hukimbilia kile anachokijua.

Kazini akawa mtu wa matumbo joto. Alikaa mgongo ukiwa ukutani, akijinusa kwa siri kila upepo ulipogeuka. Siku moja dereva wa lori, mteja wake wa zamani, alikunja pua.

"Fundi, hapa kwako kunanuka nini leo?"

"Mtaro huo, mzee. Wenye mji wamelala."

Dereva akautazama mtaro. Ulikuwa mkavu, umejaa vumbi na maganda ya karanga. Kwa heshima akageuza maneno, akaulizia tairi lake, na heshima hiyo ilimuuma Kiraka kuliko tusi. Akaona liwalo na liwe, huu mvujo lazima ukome.

Akachukua tyubu ya lori, akakata ukanda mpana, akautia kulabu. Asubuhi akajifunga nao juu ya kila kitu, mfuko na uvimbe pamoja, akavuta mpaka pumzi ikawa fupi. Akajikaza kisabuni, akaenda kazini.

Na kweli, hapakuvuja! Kila mara aliingiza mkono chini ya shati, na kila mara vidole vilitoka vikavu. Akaanza kupiga mluzi. Akawatania wapakiaji wa saruji kwamba wamepauka kama mizimu. Mfuko wenyewe ulikuwa mtupu, haujapokea hata upepo, lakini hilo hakujiuliza. Fundi aliyeona tairi halivuji haulizi upepo umekwenda wapi.

Mchana maumivu yakaja, yakaondoka, yakarudi yakiwa na hasira. Tumbo likakaza. Akatapika nyuma ya kompresa ya kujazia upepo, akajiambia ni chakula. Alipotapika tena, jasho la baridi likampitia mgongoni, na hapo akaogopa kwelikweli. Akaacha tairi la watu wazi, akaenda nyumbani akishika kuta.

Mkewe alimkuta mlangoni ameinama. Alimlaza, akapandisha shati, akaufungua ule mpira. Chini yake, stoma iliyokuwa nyekundu kama ndani ya mdomo ilikuwa imegeuka zambarau, inaelekea kwenye weusi.

"Tangu lini?"

"Leo tu, mama watoto."

"Usinifanye mtoto. Unafikiri shuka zinajifua zenyewe? Nimekuwa nangoja uniambie kwa mdomo wako."

"Watanikata. Nitatoka kama kaka."

"Wakikukata, nitakuwa nje ya mlango nakungoja. Ukibaki hapa, nitakungojea wapi?"

Wakaenda hospitali, Kiraka akiwa amejilaza kwenye kiti cha nyuma cha gari la jirani, akilia waziwazi kwa hofu.

Daktari wa upasuaji alikuwa mwanamke mpole mwenye mikono ya baridi. Alimlaza chali, akaagiza chumba cha upasuaji kiandaliwe, kwa sababu utumbo ulikuwa umebanwa kwenye ngiri. Wakati wanaandaa, akawa anaubonyeza uvimbe polepole, bila kushindana nao. Kiraka alifumba macho akimwona kaka yake. Kisha kitu kikateleza ndani, tumbo likanguruma, na yote yaliyokuwa yamezuiwa yakatoka kwa mkupuo, yakajaza mfuko, yakamwagikia shuka na mikono ya daktari. Harufu ikajaa chumba. Ile harufu aliyoikimbia muda wote, leo aliivuta kwa furaha, na mkewe akacheka huku machozi yanamtoka.

Walimlaza wodini wakiitazama rangi ya stoma mpaka wekundu ukarudi. Nesi wa kliniki alikuja kumgombeza kwanza, kisha akamtazama akiwa amelala, ameketi, amesimama. Akamletea kibandiko laini kinachofuata mviringo wa uvimbe, akapima tundu la kibandiko Kiraka akiwa amesimama, na akampa mkanda ulioshonwa kwa ajili hiyo, wa kuvaa kabla ya kuinuka, usiombana.

"Mvujo utapungua," nesi akasema. "Ngiri bado ipo."

Daktari naye akasema wazi. Safari hii utumbo umerudi. Safari nyingine huenda usirudi. Ni afadhali ngiri ishughulikiwe mapema, mgonjwa akiwa na nguvu zake.

Wote wakamgeukia. Kiraka alitafuta mzaha, na mizaha alikuwa nayo ya kugawa, lakini hakuna hata mmoja uliokuja.

"Naogopa," akasema. Alikuwa hajawahi kulitamka neno hilo mbele ya mkewe.

"Hata mimi," mkewe akamjibu. "Ila tulikuwa tunaogopa ndani ya nyumba moja, kila mtu peke yake."

Akamsogezea nafasi kitandani, mkewe akakaa, akamshika mkono. Kisha Kiraka akamgeukia daktari, akamuuliza upasuaji ni siku gani.