Kona ya Chumba cha Wifi Yangu

Mdogo wangu wanamwita Upepo, na asiyemjua anadhani ni mhuni fulani wa vijiweni. Wapi! Ni mpole hadi anakera. Jina lilitokana na kazi yake: anachora kwenye kompyuta zile njia za bati zinazopitisha hewa juu ya dari za majengo makubwa. Rafiki zake husema anauza upepo, naye anacheka nao. Mimi ni dada yake mkubwa, mdomo wangu hauna breki, na hili la kwake na mkewe nitalisema lilivyokuwa.

Majengo anayoyachora hajawahi kuyaona kwa macho. Ofisi yao inachukua kazi za kampuni za ng'ambo: wanatumiwa ramani, wanachora, wanarudisha. Kupitia moja ya kampuni hizo ndipo mke wake alipopata kazi ya uuguzi kwenye nyumba ya kutunzia wazee huko huko. Akaenda kwa mkataba wa miaka miwili. Mtoto wao alibaki, na mimi nikahamia kwao, maana baba mtu angemlea mwanawe kwa chai na mkate.

Jamani, kumkosa mtu ni ugonjwa. Gauni la mkewe la nyumbani lilikuwa limening'inia nyuma ya mlango. Nikataka kulifua, akaniambia, "Dada, hilo liache." Nikaliacha. Akinunua matunda ananunua yale anayoyapenda mkewe, halafu yanaozea mezani kwa sababu mtoto hayataki na yeye hayali. Nilikuwa namtania kwamba ameoa simu, na nikigeuza uso roho inaniuma.

Wifi yangu alikuwa anapiga kila akitoka zamu. Zamu zake zilikuwa za usiku, kwa hiyo alitakiwa alale mchana, na hapo ndipo palipokuwa na kasheshe. Chumba alichopewa, kwenye ghorofa ya wafanyakazi, kilikuwa na tundu la hewa juu ya kitanda, na tundu lenyewe lilikuwa linavuma. Si mchezo! Tulikuwa tunalisikia hadi kwenye simu, vuuu, kama mtu anayepuliza mdomo wa chupa.

"Nafumba macho tu, wifi, silali," aliniambia. "Nakuapia, mkataba ukiisha sisaini mwingine. Bora nirudi nilale kwangu."

"Livume!" nikamwambia mdogo wangu simu ilipokatika. "Livume hadi paa ling'oke!"

Akacheka, kicheko cha kweli, ambacho sikuwa nimekisikia tangu tulipomsindikiza mkewe uwanja wa ndege.

Haukupita muda, ikaingia kazi ofisini kwao. Nyumba ile ile ya wazee ilikuwa inang'oa njia za hewa za ghorofa ya wafanyakazi, zimeliwa na kutu, inaweka mpya. Akapewa yeye. Jioni alirudi na kompyuta kwapani, akaifungua mezani huku mimi nachambua mchele, akaweka kidole kwenye kioo.

"Hiki ndicho chumba chake, dada."

Nikatazama. Mistari minne na mlango.

"Na kitanda kiko wapi?"

"Kitanda hakichorwi. Lakini kipo hapa. Aliniambia kinaangalia dirisha." Kidole hakukiondoa haraka.

Akanieleza kisa cha ile kelele. Hapo juu ya dari pana bimu, boriti nene ya zege, nafasi ni finyu, kwa hiyo mafundi wa zamani walikata kona ya mraba karibu kabisa na tundu. Hewa inakuja mbio, inajigonga kwenye bati, inapiga ukelele. Kwenye programu wanayochorea ofisini kuna kona zilizokwisha kutengenezwa. Unachagua, unaweka, unaendelea. Ile ya mraba inaingia pale bila shida. Ile ya mviringo, isiyo na kelele, ni nene, inagonga bimu. Bosi wake alishamwambia aweke ya mraba, kazi iende.

Yeye akaanza kutengeneza ya kwake. Kona inayojibana kimo inapopita chini ya bimu huku ikijitanua upana, ndani ina vibati vyembamba vya kuiongoza hewa taratibu. Na si kuchora picha tu, maana hiyo hata mtoto angechora. Kila kipimo kinafungwa na mwenzake, ukibadilisha upana, mkunjo unafuata, vibati vinafuata. Akivuta huku, kule kunafumuka, programu inamletea onyo jekundu. Anafuta, anaanza upya. Siku zikawa zinakwenda hivyo, chakula kinapoa, mtoto anamwita haitiki.

Ndipo akili yangu, ambayo siku nyingine huchelewa, ikafika. Nikaweka ungo chini.

"Wewe. Hiyo kelele ikiisha, mkeo atasaini tena?"

Hakuinua uso. "Anaweza."

"Na isipoisha?"

"Atarudi."

Haki ya Mungu, damu ilinichemka. "Sasa una wazimu? Si uweke hiyo ya mraba! Nani atakulaumu?"

"Hakuna."

"Basi?"

"Basi hapati usingizi, dada." Akasugua macho. "Sauti yake imekonda, hujaisikia? Nikiweka ile ya mraba, mimi nitakuwa nalala na yeye amekodoa macho, na ni mimi niliyemfanyia. Namtaka arudi. Namtaka hadi kifua kinauma. Ila kumkosesha usingizi ili arudi, hapana, siwezi."

Nikaenda jikoni nikagombana na masufuria. Nilimnunia hadi siku ya pili yake. Ningekuwa mimi, wallahi, ningeliacha livume.

Kona yake ikakubali, na bosi alipoona inaingia hakubisha. Ilitumwa, huko ikakatwa, ikafungwa, dari ikazibwa. Mkewe hakuambiwa kitu.

Kisha ikaja simu, mdogo wangu akaiweka spika tusikie wote, na sauti ya wifi yangu ilikuwa ya mtu mwingine, imenona. "Sijui wamefanya nini huko juu. Kimya! Nalala hadi simu inalia siisikii. Siku hizi nikiamka inanichukua muda kukumbuka kwamba siko nyumbani."

Mdogo wangu alikuwa anatabasamu, ameinamisha kichwa kama anayesifiwa mbele za watu.

"Wameniomba niongeze mkataba," wifi akaendelea, taratibu sasa. "Nilishaamua hapana, unajua. Lakini sasa naona naweza kuvumilia. Nimesaini, mume wangu. Miaka miwili tu."

"Umefanya vizuri," akasema. Sauti haikumtetemeka hata kidogo. Akanipa simu, akaelekea chumbani.

Maneno yote yalikuwa mdomoni mwangu. Ni huyu! Ni huyu mpumbavu wako aliyekutengenezea usingizi kwa mikono yake mwenyewe! Alipofika mlangoni aligeuka, akanitazama, akatikisa kichwa.

"Wifi, upo? Mbona kimya?"

"Nipo," nikasema, na machozi yananitoka. "Nafurahi unalala, wifi yangu."