Bunduki Iliyovishwa Ngozi

Mume wangu alikuwa na bunduki moja ya marisawa, yenye mitutu miwili, na cheti chake cha serikali. Aliipata miaka ile fisi walipokuwa wakiingia zizini kwetu karibu kila wiki, na mara chache simba kutoka mbugani. Siku hizi pale palipokuwa malisho pamejaa nyumba za mawe na nyua za waya, na fisi akilia analia mbali. Nikisema kweli, katika miaka yote niliyoishi naye aliifyatua mara tatu, zote juu hewani. Kazi kubwa ya ile bunduki ilikuwa kusafishwa.

Watu hufikiri Kitengela ni pakavu, na kwa miezi mingi ni kweli. Vumbi la machimbo ya mawe hutua juu ya sufuria hata ukizifunika. Lakini mvua ikija, udongo wetu mweusi unashika maji na hauyaachii, na mawe ya nyumba, ambayo yametoka humo humo ardhini, yanavuta unyevu kutoka chini. Ukuta wa nyuma ya kabati unaota ukungu. Nguo za sandukuni zinanuka. Mimi ni mshonaji, najua. Sindano nikiisahau kwenye kitambaa msimu wa mvua, huacha doa ambalo hata limau haliliondoi.

Yeye alikuwa na njia yake. Kulikuwa na kabati la chuma lililofungwa kwa bolti kwenye ukuta wa chumba cha kulala, na ufunguo ulikaa kwenye mshipi wake. Humo ndani bunduki ilisimama kichwa chini, mdomo umekanyaga kipande cha blanketi kuukuu. Mwaka wa kwanza wa ndoa nilimuuliza kwa nini anaigeuza hivyo kama popo.

"Mafuta yanateremka kama maji," aliniambia. "Ukiiweka wima yatashukia mti wa kitako. Mti uoze, chuma kibaki kikavu."

Kando yake aliweka soksi mbili kuukuu zilizojazwa makaa, zimefungwa mdomo kwa uzi wangu. Makaa yalikuwa ya kunywa unyevu. Jua likitoka mchana alizitoa akazianika juu ya banda la kuku, na kuliacha kabati wazi huku ameketi mlangoni, kwa maana sheria haikumruhusu kuondoka. Hakuishika mitutu kwa mkono mtupu. Alisema mkono una chumvi, na chumvi haisahau mahali ilipopita. Akimaliza kuifuta alipitisha mafuta membamba ya cherehani, tena ya cherehani yangu. Tulikuwa na kikopo kimoja na tulikigombania.

"Baba, mafuta yameisha tena."

"Cherehani yako inakula sana."

"Ni cherehani inakula, ama ni yule mke mwenzangu wa ukutani?"

"Huyo haongei," alisema bila kuinua kichwa. "Ndiyo maana namtunza."

Cheti kilipohitaji kufanywa upya, aliipeleka ikakaguliwe, na alirudi akitembea kama mtu aliyesifiwa kanisani. Askari walimwambia bunduki za wengine zinafika kama majembe, na yake inafika kama kioo. Hakuwa mtu wa kujisifu, hakuwa na shule nyingi wala ng'ombe wengi. Lile neno, kioo, alilileta nyumbani kila mara.

Sasa lazima niseme habari ya mfuko wa ngozi.

Bunduki ilipofika nyumbani mara ya kwanza, mama yake aliona si sawa iwe haina nguo. Sime ya baba yake ilikuwa na ala, nyekundu, iliyoshonwa vizuri. Basi alichukua ngozi ya fahali aliyechinjwa kwenye sherehe ya ndoa yetu, akailainisha kwa mafuta ya kondoo, akashona mfuko mrefu wa kutosha mtutu mpaka kitako, akaupaka rangi nyekundu na kuuzungushia shanga mdomoni. Macho yake yalikuwa tayari yameanza kufifia, na alishona kwa vidole zaidi kuliko kwa macho. Mume wangu aliupokea kwa mikono miwili. Kisha akaupigia msumari sebuleni, mahali ambapo mama akiingia ungekuwa kitu cha kwanza kuona, na bunduki hakuiweka humo hata siku moja.

Nilimuuliza. Akasema, "Ngozi haijui ng'ombe alikufa. Bado inakunywa maji." Halafu akaongeza, "Usimwambie." Sikumwambia.

Mimi na huyo mama tunaitana Paker. Ni desturi ya watu wake, wasema Kimaa. Siku niliyoingia boma lake, binti wa upande wa Kiambu nisiyejua neno moja la Kimaa, alinipa kondoo jike ili niingie kwa amani, na tangu siku hiyo jina la yule kondoo likawa la kuitana sisi wawili. Anaishi mbele, kuelekea Kajiado. Kiswahili chake ni cha kuchagua maneno, na changu cha Kimaa ni kibaya zaidi, lakini tumesikilizana miaka mingi.

Mume wangu alifariki kabla tu ya mvua. Ilikuwa kifua. Hospitali walinipa viatu vyake, kofia na mshipi, na kwenye mshipi ufunguo.

Siku ya pili baada ya maziko, watu walipokwisha kupungua, nilifungua lile kabati. Sikuwa na sababu nzuri. Nilitaka kusikia harufu ya mafuta. Paker alikuwa nyuma yangu, akaangalia, au tuseme akaelekeza uso, kisha akanyoosha mkono akagusa mtutu.

"Paker," akasema, "mbona iko uchi?"

Nikaanza kuurudisha mlango wa kabati.

"Mwenye yake tumefunika na udongo juzi. Na hii inasimama uchi, kichwa chini, kama kitu ya kuadhibiwa?" Akageuka akaenda sebuleni akipapasa ukuta, akarudi na ule mfuko. "Vika yeye nguo yake."

Nilijua. Hapo ndipo nataka nieleweke vizuri. Ningekuwa sijui, hii ingekuwa habari ya bahati mbaya tu. Nilijua ngozi itafanya nini, niliambiwa kwa mdomo wa marehemu, na nilifanya kinyume kwa sababu sikuwa na nguvu ya kumwambia mama aliyefiwa kwamba mwanawe alimdanganya na msumari. Niliishika bunduki kwa mikono mitupu, mikono ya mtu aliyekuwa akilia, nikaivika. Mfuko ulishonwa wa kuingizwa kitako kwanza, mdomo juu, kwa hiyo haikuweza tena kusimama kichwa chini. Tena ulikuwa mnene, zile soksi za makaa zikakosa nafasi, nikazitoa nikaziweka juu ya banda la kuku. Nikafunga kabati.

Nilipokwenda kituoni kueleza kwamba mwenye cheti amefariki, ofisa aliniambia bunduki ni lazima wao waichukue, nisiibebe mimi. Mvua zilikuwa zimeanza na njia ya kwetu imekatika.

"Barabara ikikauka kidogo tu, nipigie, mama. Nitakuja mwenyewe."

Barabara ilikauka mara mbili. Sikumpigia. Nilikuwa nikikaa kwenye cherehani nikishona sare za watoto wa watu, na nikijua kuna kitu chake kimoja bado kimefungwa ndani na ufunguo ninao mimi. Sina maelezo mengine.

Mwishowe alipiga yeye. Hakuwa mkali. Alisema atakuja siku ya nne, na kwamba ataandika hali ya bunduki kwenye fomu, na fomu hiyo ndiyo itakayofunga faili la mume wangu.

Nikafungua kabati. Harufu iliyotoka haikuwa ya mafuta. Ilikuwa ya zizi, mvua ikinyesha. Mfuko ulikuwa na unyevu kwa ndani, na bunduki haikutaka kutoka, ikabidi niivute kama ndama. Mtutu wa kushoto ulikuwa umevaa kutu urefu wa kiganja na nusu, kutu laini ya rangi ya unga wa wimbi. Wa kulia madoa madoa. Rangi nyekundu imeingia kwenye mti. Nilikaa kitandani nikaiweka magotini. Nilifikiria lile neno lake, kioo, na lile litakaloandikwa mwisho wa faili lake, kwa sababu yangu.

Siku tatu nilifanya kazi hiyo. Waya wa kusugulia sufuria niliuogopa, ungekwaruza chuma chote. Nilichukua vipande vya jinzi vilivyobaki kwenye kushona, nikavilowesha mafuta ya cherehani, nikasugua kidogo kidogo, nikafuta, nikaanza tena. Kutu ilitoka. Kile kikopo kikaisha na hapakuwa na wa kunilaumu. Lakini chini ya kutu chuma kilikuwa kimeliwa. Ukitazama haraka huoni. Ukipitisha kidole gumba unasikia vishimo, kama uso wa mtu aliyeugua ndui.

Paker alifika asubuhi ya siku ya nne. Alisema anataka kusikia sauti ya mtu atakayekaa na kitu cha mwanawe. Nilimkaribisha, nikampa chai. Nilikuwa nimejipanga kumwambia ofisa ukweli wote, na sasa ukweli wenyewe ungesemwa mbele ya aliyeushona ule mfuko.

Ofisa alikuja na askari mmoja kijana. Alikuwa mtu mzima, wa makamo, alimsalimia yule mama kwanza, kwa Kimaa.

"Takwenya."

"Iko," mama akaitikia, akaridhika naye hapo hapo.

Waliiweka bunduki juu ya meza yangu ya kukatia nguo. Yule kijana aliifungua, akatazama ndani ya mitutu kwenye mwanga wa dirisha. Kisha akapitisha kidole gumba pale pale. Nilijua atapitisha.

"Afande, hii imekula kutu. Imesuguliwa juzi." Akanitazama. "Kwani mathe, mlikuwa mnachotea nayo maji?"

"Wee, nyamaza," ofisa akamwambia. Akagusa mwenyewe. "Hii ya mzee? Hii ilikuwa kioo."

"Ilikuwa," nikasema.

"Ni mvua, mama. Mwaka huu kila kitu imeoza. Niandike mvua?" Alikuwa ananisaidia. Kalamu alikuwa ameshaiweka kwenye karatasi.

Ningeweza kusema ndiyo. Mvua haina mama wa kuumia. Nilitazama upande wa Paker, alikuwa ameushika ule mfuko mtupu mapajani, anautembeza vidoleni.

"Usiandike mvua," nikasema. "Mvua zilinyesha miaka yote yeye akiwa hai na haikupata kutu. Ni mimi. Nilijua inavyowekwa na nikaiweka vibaya. Andika ilikuwa safi mpaka alipofariki, iliharibika kwa mkono wa mkewe."

"Mama, hiyo fomu haina nafasi ya maneno mengi."

"Andika yatakayotosha."

Akaandika. Akanisomea. Aliandika kwamba silaha ilitunzwa vizuri na marehemu wakati wote wa uhai wake, na kutu iliyoko ni ya baadaye. Nikaweka sahihi. Yule kijana aliifunga kwenye turubai, akachukua na kisanduku cha risasi, wakaondoka. Gari lilikwama kidogo langoni kwenye matope, likanguruma, likatoka.

Tulibaki wawili. Nilijua nimesema kweli, na pia nilijua nimebakiza nusu yake. Kabati lilikuwa wazi na soksi zake bado ziko juu ya banda la kuku. Paker aliendelea kuukunja mfuko na kuukunjua.

"Paker," akaniita. "Alikuwa haiweki hapa. Mtoto yangu."

Haikuwa swali, lakini alingoja.

"Ndiyo, Paker. Hakuiweka."

"Hata siku moja."

"Hata siku moja."

"Ngozi yenye inabeba kitu inakuwa laini," akasema. "Hii iko ngumu kama siku nilishona. Mimi macho imeisha, vidole haijaisha. Kila nikikuja hapa nilikuwa nashika pale kwa msumari, nasema, bado." Akacheka kidogo, puani tu, namna mume wangu alivyokuwa akicheka. "Mkaidi. Baba yake pia."

"Sasa mbona uliniambia niivike?"

Alipapasa shanga za mdomo wa mfuko moja moja, kana kwamba anatafuta moja iliyopotea.

"Nilitaka avae, hata kama ni siku moja tu," akasema.

Nikaenda kukaa karibu naye. Baadaye aliuliza ni nini kilichofanya asiiweke, nikamwambia maneno yale aliyoniambia, kwamba ngozi haijui ng'ombe alikufa. Nilimwambia kwa Kiswahili, kisha nikajaribu kwa Kimaa changu kibovu, akanisahihisha neno moja. Akayarudia yote mwenyewe taratibu, mara mbili.

"Hiyo ni kweli," akasema.

Mfuko uliachwa kwangu. Nimeurudisha kwenye msumari wake, na siku za jua nautoa nje uanikwe.