Tuliosha Barabara Mpaka Dhahabu Ikaisha

Wageni wakifika kwetu na vidaftari vyao huwa na swali moja: kwa nini inchi yenye dhahabu yote hii, watu wake wanatembea na kandambili zilizoshonwa kwa waya? Wanawauliza watu wa ofisi kule Kasongo, na watu wa ofisi wanajibu vizuri, na Kifaransa ndani. Mimi hawajaniuliza. Niliishia mwaka wa pili wa shule ya mapadri, na hata huo wa pili niliukaa mara mbili. Lakini ningewajibu, kwa sababu umaskini wa inchi hii niliushika kwa mukono wangu, niliumwagia maji kwa ndoo, na mwisho tuliushinda. Tuliushinda pale tu chini ya kijiji chetu, sisemi inchi nzima. Lakini tuliushinda.

Kijiji chetu kiko kwenye barabara ya kutoka Lusangi kwenda Kasongo. Moto, ndizo pikipiki, za machimbo ya Salamabila zinapita hapo na wachimbaji wawili watatu nyuma ya shofere, na madumu ya mafuta, na kuku waliofungwa miguu. Siku moja niliona moto imebeba friji, imesimama wima kama bibi-arusi, na kule ilikoelekea hakuna umeme tangu dunia iumbwe. Baadaye nikasikia mwenyewe anawekea nguo ndani, panya wasizile. Sasa nimetoka kwenye habari yangu.

Pale barabara inaposhukia kijito, kulikuwa na shimo la matope. Tulikuwa tunaliita Shamba, kwa kuwa lilivunwa mwaka muzima. Moto ikizama, wanaume wanapitisha muti chini yake na kuinyanyua, abiria wanabebwa mugongoni, na mwenye kubeba analipwa. Ili watu wasipigane, tulipanga zamu: kila ukoo na siku yake. Ukoo wangu ulikuwa na Jumatano. Watu wa kanisa walisema hawataki Jumapili, ni siku ya Mungu, lakini usiwasifu haraka: walichukua Jumamosi, siku ya soko.

Kiangazi kikifika, matope yalikuwa yanakauka. Ndipo kila ukoo, kesho yake ikiwa ni zamu yake, ulishuka na ndoo kumwagilia Shamba. Mimi nilimwagilia. Ningeweza kusema ni njaa, na njaa ilikuwepo, lakini ukweli nilimwagilia kwa sababu mwenye Jumanne alimwagilia, nikaona mimi peke yangu niache kwa nini? Hata mukubwa mumoja wa Leta, ndiyo serikali, alikuwa akizama na gari lake la jipu, tukimutoa anatupongeza: "Nyinyi muko wazalendo kabisa!" Anatoa kidogo, anapita. Tulisikia mu radio kwamba franga za kutengeneza barabara yetu zimetoka. Zilitoka kweli, kule juu, zikaanza kushuka, na kila zilipopita zilikuta mutu amekaa kwenye Jumatano yake. Wenzangu waliwatukana wale wakubwa. Mimi sikuwatukana. Ndoo yangu ilikuwa haijakauka.

Binti yangu wa mwisho aliolewa upande wa Lusangi, na kijana anayeendesha moto. Mimba ya kwanza, uchungu ulimushika siku mbili, mutoto hatoki. Bwana yake akamupakia waende opitale ya Kasongo. Kilikuwa kiangazi, barabara kavu yote, isipokuwa mahali pamoja. Na ilikuwa Jumatano.

Nilisikia moto inaunguruma, kisha inazama, na nitasema kweli, nilifurahi. Nikachukua muti wangu nikashuka mbio, wenzangu wasinitangulie. Nilianza kuona miguu juu ya matope. Nikaijua.

Tulimutoa haraka, lakini moto ilikuwa imekunywa maji, ikakataa kuwaka. Tukatengeneza tipoyi, machela ya miti, tukamubeba mabegani. Mutoto alizaliwa njiani, amekwisha kufa. Alikuwa mwanaume. Muganga wa opitale akatuambia nyonga za mama yake ni nyembamba: mimba nyingine, aje mapema, kabla uchungu haujaanza, wamupasue. Akichelewa tena, safari hiyo watazika wawili.

Habari ya ndoo sikumuambia mutu. Muke wangu alijua. Ndoo zilikuwa zake.

Binti alikaa muda, kisha akabeba mimba tena. Siku ileile tuliposikia, niliita watu pa kiwanja cha salongo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, nikasema, "Tuzibe Shamba."

Mwenye Jumanne akaangalia wengine. "Huyu muzee amekunywa lotoko ya nani leo?"

"Sijanywa."

"Basi ndiyo shida yenyewe. Mumupatie kwanza, tutaongea kisha."

Walicheka sana. Mumoja akauliza kama nitawapa watoto wao kula matope yakishaisha. Ndivyo nami ningeuliza. Ndipo muke wangu aliposimama, na yeye si mutu wa kusimama katika mikutano, kazi yake ni kusema akiwa amekaa.

"Mimi nimepita hapo na mupunga wangu kichwani," akasema, "nikalipa vijana wanibebe. Vijana niliowazaa mimi! Niliowanyonyesha! Wananiambia, Mama, leo ni siku yetu, toa. Kesho wanawake tunaziba. Mwanaume mwenye kutaka kulinda matope yake, aje alale ndani, tutaziba juu yake."

Kesho yake wanawake walishuka, na wanaume wakaenda nyuma yao kwa haya.

Sasa sikilizeni kosa letu, maana sidhani kama liko kabila lingine lingeweza kulifanya. Udongo wa kwetu ni mufinyanzi, ukiuweka barabarani unageuka matope tena. Tulihitaji changarawe. Na changarawe ilikuwa imerundikana karibu, pa shimo la dhahabu juu ya kijito: milima ya mabaki, yale wanayotupa wachimbaji wakishaosha. Mwenye shimo, ndiye tunamuita pe-de-je, ni Mwislamu mumoja aliyetoka upande wa Kivu, mutu wa heshima. Akasema, "Chukueni yote, Muzee, imeshaoshwa, mutanisafishia kiwanja." Tukabeba kwa vikapu juma mbili. Shamba likaziba. Moto zikapita. Tulipiga ngoma, mimi nilicheza mpaka goti likanikatalia.

Kisha mvua ya kwanza ikanyesha, ikaosha juu ya barabara, na mama mumoja aliyekuwa anaenda shambani akaona kitu kinangaa chini ya muguu wake.

Wale wachimbaji huwa wanaosha kwa haraka, dhahabu ndogondogo inabaki. Nani hakujua? Wote tulijua! Tulichukua muchanga wa dhahabu tukaumwaga katikati ya njia, kwa watu kama sisi, tukategemea utakaa. Kufika saa sita kijiji kizima kilikuwa barabarani na makarai. Wa Lusangi wakasikia, wakaja. Mashofere waliangusha moto zao porini wakaosha pamoja nasi. Katekista alishika karai la kubatizia. Siku ya tatu shimo lilikuwa refu kuliko la zamani, na ndani yake, matope mpaka kiunoni, alikuwemo yule muzee aliyeita mukutano. Ndiyo. Mimi.

Binti yangu alikuwa amekuja kukaa kwetu, tumbo limeshakuwa kubwa. Akashuka polepole, mukono kwenye kiuno, akasimama pa ukingo.

"Baba."

"Mama," nikaitika, maana ndivyo ninavyomuita, ana jina la mama yangu.

"Unatafuta nini humo? Mutoto wangu wa kwanza?"

Hakusema kwa hasira. Aliuliza tu. Watu wote waliokuwa karibu waliacha kuosha. Nilitoka mule ndani, nikamurudishia muke wangu karai lake, na sikujua niweke wapi uso.

Siku hiyo ndiyo niliyoelewa jambo ambalo wale wa vidaftari wanalitafuta. Barabara yetu ilikuwa tajiri mno. Ili mutu apite juu yake, ilipaswa kwanza iwe maskini, isiwe na kitu cha kumuinamisha mutu. Nikawaambia wenzangu: tuanze upya, lakini safari hii kila kikapu kioshwe mpaka kiishe dhahabu, ndipo kimwagwe.

"Na nani atasema kimeisha?" mwenye Jumanne akauliza. "Wewe? Jana ulikuwa ndani mpaka kiunoni."

Alikuwa na haki. Shefu wa kijiji tulimukataa, katekista alijikataa mwenyewe. Muke wangu ndiye aliyepata dawa, akiwa amekaa.

"Mumuweke yule mulafi," akasema.

Mulafi huyo alikuwa muchimbaji aliyekuja kutoka Salamabila, mutu mwembamba mwenye macho makali. Alikuwa anafagia sakafu za wanunuzi wa dhahabu na kuosha vumbi lake. Walisema aliwahi kumuosha mbuzi aliyelala pa shimo. "Huyo akisema hakuna kitu," muke wangu akasema, "kweli hakuna."

Tulimupa kiti barabarani. Heshima hiyo hakuwahi kuipata tangu azaliwe, akaja na shati jeupe. Kila kikapu alichota, akaosha, akageuza karai kwenye jua, akasogeza pua. Akiona alama, anapiga kelele, "Rudisha! Mama, unataka kuniibia mbele ya macho?" Kinarudi kijitoni, kinaoshwa tena. Akikosa, anakunja uso kama mutu aliyefiwa: "Huu ni muchanga wa bure. Hata mimi siutaki." Na watu wote: "Heeeh! Mwaga!" Kinamwagwa, wanawake wanashindilia kwa michi ya kutwangia.

Ile dhahabu kidogo iliyotoka iliwekwa mbele ya wote, ikanunua mapipa matupu ya mafuta. Tukayakata vichwa pande zote mbili, tukayapanga chini ili maji ya kijito yapite ndani yake, nasi juu. Kazi ilichukua mwezi na nusu. Mwenye Jumanne alikuwa wa mwisho kuja kufanya kazi na wa mwisho kurudi nyumbani kila siku, na mpaka leo anasema wazo lilikuwa lake. Ninamuachia.

Mvua ikanyesha, kubwa, ya siku mbili. Tukashuka kuangalia. Barabara ilikuwa imelala pale, ya kijivu, haingai hata kidogo. Sijaona kitu kizuri namna hiyo.

Basi binti akakaribia kujifungua. Muganga alikuwa amemupangia siku, na bwana yake akaja na moto kumuchukua. Asubuhi ile nilitangulia kushuka kuangalia njia, na nani namukuta pale? Mutu wa Leta, kijana mwenye kofia, anafunga kamba kutoka muti mumoja mpaka mwingine. Bariere.

"Muzee, barabara nzuri lazima ilindwe," akanieleza. "Kila moto itaacha kidogo. Madesu, maharagwe ya watoto."

Wanawake waliokuwa wanafua kijitoni walipanda wote, muke wangu mbele, mikono ina sabuni.

"Kijana yangu," akamuambia, "hiyo nafasi uliyokaa ilikuwa na mwenyewe. Ni huyu bwana yangu. Muulize alivuna nini."

Sikutegemea. Watu walikuwa wananiangalia, na juu kule moto imeshawaka. Nikasema. Nikasema ndoo, nikasema kiangazi, nikasema Jumanne jioni na Jumatano asubuhi, na miguu niliyoiona juu ya matope. Sikuwahi kuyasema kwa sauti. Mwenye Jumanne alikuwa amefika, akasema, "Na mimi nilimwagilia." Kisha mwingine, wa Ijumaa. Kisha katekista, kwa niaba ya Jumamosi. Ilikuwa kama kitubio, lakini bila padri na bila kunongona.

Yule kijana alishika kamba, hajui aifunge ama aifungue. "Lakini mimi nimetumwa," akasema. "Nitarudi kuwaambia nini?"

"Waambie ulikuta tumeziba," muke wangu akamujibu. "Ama ukae, tukupe siku yako. Hapa siku hizi siku ni ya jembe, ya kutunza njia."

Wanawake wakacheka, mumoja akamupelekea jembe kweli, mupini mbele, kwa adabu zote. Alilitazama lile jembe. Moto ilikuwa inashuka, binti yangu nyuma, mukono kwenye tumbo. Kijana akaangalia tumbo, akaangalia mimi, na akafungua kamba yeye mwenyewe, akaikunja, akavua kofia. Moto ikapita mbele yetu bila kubadilisha sauti. Iliingia mahali pale na kutoka mahali pale kwa muda wa mutu kupiga chafya. Wanawake walipiga vigelegele mpaka ilipopotea kwenye kona, na mimi niliketi chini barabarani nikalia, na nilicheka vilevile, sijui kipi kilianza.

Siku ileile saa nane mukwe wangu alipiga simu. Aliweka tu simu karibu, nikasikia mutoto analia kwa nguvu. Mwanamuke.

Walipotoka opitale nilikuwa nimesimama barabarani tangu kulipopambazuka. Moto ilitokea upande wa Kasongo, inakimbia, vumbi nyuma, mama na mutoto juu, ikapita kwenye mapipa bila hata kupunguza.

"Polepole!" nikamupigia mukwe wangu kelele. "Umebeba mutoto, weee! Kwa nini unakimbia hivyo?"

Akageuza kichwa kidogo, anacheka. "Baba, barabara inakubali!"

Nilimugombeza mpaka nyumbani, nikitembea nyuma yao peke yangu. Katika maisha yangu yote, ilikuwa mara ya kwanza kumugombeza shofere kwa sababu ya kwenda mbio.